Deni la Sauli, Swali la Daudi

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 2 Samweli 21:1–14, Yoshua 9, Kutoka 20:8–11, Mambo ya Walawi 19:33, 34, Nehemia 9:1–3, Danieli 9:4–19, Kumbukumbu la Torati 24:16, Waefeso 2:11–19.

Fungu la Kukariri: Mambo ya Walawi 19:34. Kila mwanafunzi alikariri kutoka katika Biblia yake. Angalia kwamba amri ya kumpenda mgeni imeambatana na sababu: Israeli nao walipata kuwa wageni katika nchi ya Misri.

Katika mji wa Tacoma, jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani, ipo siku ambayo kwa miaka mingi watu hawakupenda kuitaja. Ni Novemba 3, 1885. Siku hiyo wakazi wa Kichina wa mji huo walitolewa majumbani mwao kwa nguvu, wakaswagwa kwa miguu kwenye mvua hadi nje ya mji. Zaidi ya miaka 100 baadaye, watu wa Tacoma wa rangi na asili mbalimbali walianza kukutana na kutembea pamoja kwa miguu, kuikumbuka siku hiyo. Hawaendi kumfukuza mtu. Wanatembea kwa sababu wengine walilazimishwa kutembea.

Hakuna hata mmoja wa watembeao hao aliyekuwa amezaliwa mwaka 1885. Hawakubeba marungu wala hawakuchoma nyumba. Mtu anaweza kuuliza: Kwa nini basi wajisumbue? Waliokosa wamekufa, na waliokosewa wamekufa. Je, si afadhali kuyaacha yaliyopita yapite?

Swali hilo si geni katika Biblia. Katika siku za mfalme Daudi, Mungu mwenyewe alifufua kesi ambayo Israeli walikuwa wameisahau. Aliyekosa alikuwa Sauli, naye alikwisha kufa. Waliokosewa walikuwa wageni, watu wadogo, wapasua kuni na wachota maji. Hata hivyo mvua haikunyesha mpaka jambo lao liliposikilizwa. Juma hili tutajifunza habari hiyo, tukiitazama pamoja na habari ya Tacoma.

JUMAPILI
Kiapo kwa Wageni

*Soma Yoshua 9:3–20. Kwa nini wakuu wa Israeli walikataa kuwaua Wagibeoni hata baada ya kugundua kwamba walidanganywa?*

Wagibeoni walifika kambini wakiwa na mikate iliyokauka, viriba vilivyoraruka na viatu vyenye viraka. Walijifanya wametoka mbali. Wakuu wa Israeli hawakutafuta shauri la Bwana. Waliona mikate, wakaamini, wakala kiapo. Baada ya siku tatu ukweli ukajulikana: watu hao walikuwa majirani. Kusanyiko likanung'unika. Lakini wakuu walisimama imara. Kiapo kilifanywa kwa jina la Bwana, na jina hilo halichezewi kwa sababu tu upande wa pili haukuwa mnyofu.

Jambo hili ni la kuangaliwa sana. Mungu hakuwalinda Wagibeoni kwa sababu walikuwa watu wema. Waliingia kwa hila. Aliwalinda kwa sababu ahadi ilitolewa, na ahadi hiyo ilibeba jina lake. Wakakaa kati ya Israeli vizazi kwa vizazi, wakipasua kuni na kuchota maji kwa ajili ya madhabahu ya Bwana.

Wachina wa Tacoma nao waliishi chini ya ahadi. Mwaka 1868 Marekani na China zilitia sahihi mkataba uliotambua haki ya raia wa nchi moja kuhamia nchi nyingine, na kuwaahidi Wachina waliokaa Marekani ulinzi kama ule waliopewa wageni wa mataifa yaliyopendelewa. Wao hawakuingia kwa hila. Mikono yao ilihitajiwa. Maelfu yao walijenga reli ya Northern Pacific, na mwisho wa reli hiyo upande wa bahari ya Pasifiki ulikuwa Tacoma. Mji ulikua kwa sababu ya reli. Katika mji huo Wachina walifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, walifua nguo za watu, walipika, walilima mboga na kuziuza. Walikuwa wapasua kuni na wachota maji wa Tacoma.

Reli ilipokamilika mwaka 1883, kazi zilipungua na hali ya uchumi ikawa ngumu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 1882, Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini. Lakini wale waliokwisha kuingia bado walikuwa na ahadi ya serikali kwamba wangelindwa.

*Tafakari: Ni rahisi kushika ahadi wakati mgeni anahitajika. Ahadi hupimwa lini hasa?*

JUMATATU
Juhudi ya Sauli

*Soma 2 Samweli 21:1, 2. Sauli alisukumwa na nini alipowaua Wagibeoni?*

Fungu la pili lina maneno machache yenye uzito. Sauli hakuwaua Wagibeoni kwa sababu ya ulevi, wala kwa tamaa ya mali peke yake. Biblia inasema alifanya hivyo katika juhudi yake kwa ajili ya watu wake, Israeli na Yuda. Aliwapenda watu wake. Bila shaka wako waliomshangilia na kusema, "Hatimaye tumepata kiongozi anayetujali."

Hapo ndipo hatari ilipo. Dhambi hii haikuvaa sura ya dhambi. Ilivaa sura ya uzalendo.

Katika vuli ya mwaka 1885, mikutano ilifanyika Tacoma na Seattle. Wasemaji walidai kwamba Wachina wanashusha mishahara, wanachukua kazi za watu na wanaleta uchafu mjini. Mkutano mkubwa wa Seattle mwezi Septemba uliamua kwamba Wachina wawe wameondoka ifikapo Novemba 1. Mwenyekiti wa mkutano huo alikuwa meya wa Tacoma, Jacob Robert Weisbach. Yeye mwenyewe alizaliwa Ujerumani. Alikuwa mhamiaji.

Wachina wengi walianza kuondoka kabla ya siku hiyo. Wengine, karibu 200, walibaki, kwa kuwa walikuwa na maduka, madeni ya kukusanya na bidhaa ambazo hazingehamishika kwa siku chache. Jumanne, Novemba 3, filimbi za viwanda zikalia asubuhi. Mamia ya wanaume wakakusanyika, meya akiwa miongoni mwao, wakapita nyumba kwa nyumba wakiwaamuru Wachina wafungashe. Alasiri waliwaswaga kwa miguu hadi kituo cha reli cha Lakeview, umbali wa maili 8 hivi, yaani kama kilometa 13. Mvua ilikuwa ikinyesha. Walilala huko bila mahali pa kutosha pa kujikinga. Waliokuwa na nauli walipanda treni kwenda Portland. Wengine walipakiwa kwenye treni ya mizigo, na wengine walifuata reli kwa miguu. Kumbukumbu za wakati ule zinataja watu wawili waliokufa kwa sababu ya baridi na mvua. Siku chache tu baadaye nyumba zao za ufukweni zilikuwa zimechomwa moto.

Watu 27 walishtakiwa, meya akiwa mmojawapo. Waliporudi mjini walipokewa kama mashujaa, na hakuna aliyetiwa hatiani. Miji mingine ikaanza kuisifia njia hiyo kuwa ya utaratibu, kwa sababu hakuna aliyepigwa risasi.

*Tafakari: Orodhesha sababu ambazo watu hutoa wanapotaka kumwondoa mgeni. Ni ngapi kati ya hizo zinaanza kwa kuwataja "watu wetu"?*

JUMANNE
Mimbari na Malango

*Soma Obadia 10–14. Ni kosa gani Edomu analaumiwa katika fungu la 11, hata kabla ya kutajwa kwamba alinyosha mkono wake?*

Obadia anamshtaki Edomu kwa kusimama kando. Siku wageni walipouingia Yerusalemu, Edomu alikuwa pale akitazama. Mbele za Mungu, kutazama tu kulimhesabia kuwa mmoja wao.

Tacoma ulikuwa mji wenye makanisa. Wengi wa wale waliotembea na marungu siku ya Jumanne walijulikana kuwa watu wa heshima: wafanyabiashara, maofisa wa mji, mafundi. Lakini yuko mhubiri mmoja ambaye hakusimama kando. W. D. McFarland, mchungaji wa kanisa la Presbiteri, alisimama mimbarani kabla ya siku ile mbaya akakemea mpango wa kuwafukuza Wachina. Baadhi ya waumini wake wakainuka, wakatoka nje ibada ikiendelea. Mchungaji hakunyamaza. Aliendelea kuwahubiria waliobaki.

Mahubiri yake hayakuizuia Novemba 3. Kwa hesabu ya wanadamu alishindwa. Hata hivyo, watu wa Tacoma wanapokumbuka siku ile leo, hawalazimiki kusema kwamba kanisa lote lilinyamaza.

*Soma Kutoka 20:8–11. Ni nani wanaotajwa katika amri ya Sabato?*

Washika Sabato wanayo sababu ya pekee ya kulisoma fungu hili polepole. Katika amri zote kumi, ni hapa mgeni anapotajwa, tena anatajwa mahali alipo: ndani ya malango. Mungu alipoifanya Sabato kuwa pumziko la mwana na binti, la mtumishi na mnyama, alimweka mgeni kwenye orodha hiyo hiyo. Mgeni akifukuzwa nje ya malango, amri hiyo imeguswa pia, kwa kuwa mmoja wa wale ambao Bwana aliwaandalia pumziko hayupo tena.

Inawezekana basi kuzima moto jikoni Ijumaa kabla jua halijazama, kuvaa vizuri, kufika mapema kwenye Shule ya Sabato na kuimba kwa sauti zote, huku jirani aliyetoka mbali amefungasha mizigo yake kwa hofu. Isaya 58 inaweka pamoja mambo mawili ambayo watu hupenda kuyatenganisha: kumkaribisha maskini asiye na makao, na kuiita Sabato siku ya furaha. Yote mawili yamo katika sura moja.

*Tafakari: Mshiriki akiinuka na kutoka nje kwa sababu neno limemchoma, wazee wa kanisa wafanye nini juu yake, na juu ya mhubiri?*

JUMATANO
Swali la Daudi

*Soma 2 Samweli 21:1–4. Daudi alimuuliza nani njia ya kufanya upatanisho? Walimjibu nini kuhusu fedha na dhahabu?*

Njaa ilidumu miaka mitatu, mwaka baada ya mwaka. Ndipo Daudi akautafuta uso wa Bwana, na Bwana akamtajia sababu: damu ya Wagibeoni iliyo juu ya Sauli na nyumba yake. Daudi angeweza kujitetea vizuri kabisa. Sauli alikuwa adui yake. Daudi mwenyewe alikimbizwa na Sauli milimani. Kama yuko mtu aliyekuwa na haki ya kusema "Hayo ni ya Sauli, mimi simo," ni Daudi.

Hakusema hivyo. Aliketi kwenye kiti alichokalia Sauli, akatawala nchi aliyotawala Sauli, na akatambua kwamba pamoja na kiti amerithi deni.

Chukua mfano wa shamba. Baba alisogeza jiwe la mpaka usiku, akachukua hatua ishirini za shamba la jirani. Baba akafa. Mwanawe hakusogeza jiwe lolote. Pengine alikuwa bado mgongoni mwa mama yake. Lakini kila msimu anavuna mahindi kwenye zile hatua ishirini. Siku mjukuu wa jirani atakapokuja kuuliza, haitatosha mwana kusema kwamba mikono yake ni safi. Mikono ni safi, lakini ghala lina mahindi ya watu. Kumbukumbu la Torati 27:17 inamlaani anayeondoa mpaka wa jirani yake. Na yule anayejua mpaka uliondolewa, kisha akaendelea kuvuna, anaujenga upya kila mwaka.

Ndiyo maana Nehemia 9:2 inasimulia kwamba Israeli walisimama na kuungama dhambi zao pamoja na maovu ya baba zao. Ndiyo maana Danieli, aliyepelekwa utumwani angali kijana, katika sala yake ya sura ya 9 hasemi "wao walikosa." Anajiweka ndani ya kosa la taifa lake.

Angalia pia kwamba Daudi hakuamua mwenyewe dawa ya jeraha. Aliwaita Wagibeoni akawauliza awatendee nini. Nao wakajibu kwamba jambo lao si la fedha wala dhahabu.

Mwaka 1888 serikali ya Marekani iliilipa serikali ya China zaidi ya dola 276,000 kwa ajili ya hasara walizopata Wachina katika ghasia za miaka ile, bila kukiri kwamba ilikuwa na kosa. Fedha zilitoka, lakini Tacoma haikusema neno. Miaka mingi ilipita bila jumuiya ya Wachina kurudi kuishi mjini humo. Ilipofika Novemba 30, 1993, ndipo baraza la mji lilipopitisha azimio la kukiri kwamba kufukuzwa kwa Wachina kulikuwa tendo baya, na kuunga mkono kazi ya upatanisho. Bustani ya ukumbusho ikatengwa ufukweni, karibu na mahali nyumba zao zilipokuwa. Mji wa Fuzhou wa China ukatoa kibanda cha mapumziko cha mtindo wa Kichina kisimamishwe ndani yake. Miaka 108 ilikuwa imepita kabla ya mji kusema kwa kinywa chake, "Tulikosa."

*Tafakari: Kwa nini kulipa fedha kunaweza kuwa rahisi kuliko kukiri kosa?*

ALHAMISI
Rispa Juu ya Mwamba

*Soma 2 Samweli 21:5–14. Mungu aliombwa akakubali kwa ajili ya nchi baada ya tukio gani?*

Hii ni sehemu ngumu, na darasa lisiiruke. Wagibeoni waliomba watu saba wa nyumba ya Sauli, nao wakatundikwa. Wengi huuliza: Je, Mungu alifurahishwa na kifo cha watoto kwa kosa la baba? Kumbukumbu la Torati 24:16 inakataza jambo hilo waziwazi, na Ezekieli 18:20 inasema vivyo hivyo. Tazama basi kile ambacho fungu linasema na kile ambacho halisemi. Bwana alitaja chanzo cha njaa. Kuhusu dawa, Daudi aliwauliza Wagibeoni. Haijaandikwa kwamba alimuuliza Bwana tena. Biblia inasimulia jinsi deni lililocheleweshwa linavyodai riba kubwa, nayo mara nyingi hulipwa na wasiokuwa na kosa. Kama Sauli angetubu siku ile ile, Rispa asingewalilia wanawe.

Ndipo mama huyo anatokea. Rispa binti Aya alitandika gunia juu ya mwamba, akakaa hapo tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua iliponyesha. Mchana aliwafukuza ndege, usiku aliwafukuza wanyama. Hakuwa na jeshi wala cheo. Hakuweza kuwarudishia uhai wanawe wawili. Alichoweza ni kukaa pale, asikubali wafu wake waachwe kama mizoga isiyo na mwenyewe.

Habari zake zikamfikia mfalme. Daudi akaenda kuichukua mifupa ya Sauli na Yonathani kutoka Yabesh-gileadi, ikakusanywa na mifupa ya waliotundikwa, na mazishi yakafanyika kwa heshima. Fungu la 14 linasema baada ya hayo Mungu aliombwa kwa ajili ya nchi. Ni baada ya wafu kuhesabiwa kuwa watu.

Miongoni mwa waliofukuzwa Tacoma alikuwamo Lum May, mfanyabiashara aliyekuwa ameishi mjini humo miaka 10 hivi. Mwaka 1886 alitoa ushuhuda wake kwa kiapo. Alieleza jinsi watu walivyouvunja mlango wake, jinsi mkewe alivyokokotwa nje ya nyumba, na jinsi akili ya mkewe ilivyoharibika kwa sababu ya hofu na mateso ya siku ile. Aliwataja kwa majina baadhi ya aliowatambua kwenye lile kundi. Walikuwa watu aliowafahamu.  Mahakama haikumpatia haki. Lakini maneno yake yalihifadhiwa, na leo wanaotaka kujua kilichotokea huanza nayo.

Matembezi ya ukumbusho yanafanana na kazi ya Rispa. Hayarudishi nyumba zilizoungua. Hayamponyi mke wa Lum May. Anayetembea kilometa chache kwa hiari, akiwa na koti la mvua na chakula kikimsubiri nyumbani, hawezi kusema ameonja walichoonja wale. Anachofanya ni kukubali kwamba walikuwa watu, kwamba walikuwa na makao hapa, na kwamba walitolewa kwa dhuluma. Mwenye kutembea hivyo akikutana kesho na mgeni anayetukanwa sokoni, itamwia vigumu kusimama kando.

*Soma Waefeso 2:11–19.* Paulo anawaandikia watu waliopata kuwa wageni, walio mbali, wasio na agano. Kristo aliubomoa ukuta uliokuwa kati yao kwa mwili wake mwenyewe. Katika siku za Daudi, wana saba walitundikwa mlimani kwa ajili ya kosa la baba, na bado uchungu ulibaki. Kalvari, Mwana mmoja alijitoa kwa hiari yake, na kwa sababu hiyo hakuna mtoto wa mtu anayepaswa kutundikwa tena ili jirani wapatane. Dhambi ya mababu inaweza kutajwa bila hofu, kwa maana mahali pa kuipeleka papo.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Mwaka 1888, wakati milango ya Marekani ikizidi kufungwa kwa Wachina, Mwadventista mmoja mzee kutoka California alishuka melini huko Hong Kong. Jina lake Abram La Rue. Alikuwa amewahi kuchunga kondoo na kupasua kuni. Alipoomba kutumwa China, alionekana kuwa na umri mkubwa mno, zaidi ya miaka 60. Akashauriwa afikirie visiwa vya Pasifiki. Alianza Hawaii, kisha akasonga mbele mpaka Hong Kong, akawa anawauzia vitabu mabaharia bandarini na kuwapatia watu wa huko vijizuu vilivyotafsiriwa kwa lugha yao. Alikaa huko mpaka alipofariki mwaka 1903.

Hakuandika hotuba dhidi ya sheria ya 1882. Lakini wakati nchi yake ilipokuwa ikisema, "Watu hawa wasije kwetu," yeye alisema kwa miguu yake, "Basi mimi nitakwenda kwao." Ujumbe wa malaika watatu katika Ufunuo 14:6 ni kwa kila taifa, kabila, lugha na jamaa. Mtu hawezi kuupeleka ujumbe huo ng'ambo ya bahari huku akiukataa upande wa pili wa barabara.

Israeli walikaa na njaa miaka mitatu kabla ya kuuliza. Bila shaka waliomba mvua katika miaka hiyo. Pengine walifunga. Lakini kuna maombi yanayosubiri jambo fulani litajwe kwanza. Bwana Yesu alifundisha katika Mathayo 5:23, 24 kwamba mtu akikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka, aende akapatane kwanza. Angalia kwamba hakusema, "ukikumbuka kwamba wewe una neno juu ya ndugu yako." Swali ni nani aliye na neno juu yetu.

Maswali ya Kujadili:

1. Mshiriki mmoja anasema: "Mungu amesamehe ya kale, kuyafukua ni kuleta mafarakano." Mwingine anajibu: "Kidonda kisichosafishwa hakiponi." Kwa kutumia 2 Samweli 21, darasa liwasaidie vipi wote wawili?

2. Kuna tofauti gani kati ya kubeba hatia ya baba na kubeba wajibu wa kurekebisha alichokiharibu? Linganisha Ezekieli 18:20 na Nehemia 9:2. Rudini pia kwenye mfano wa jiwe la mpaka.

3. Fikirini mtaa au kijiji chenu. Je, wapo watu waliowahi kuondolewa kwa sababu ya kabila, dini au asili yao? Nani anakaa kwenye viwanja vyao leo? Je, kuna mtu aliyewahi kuwauliza wao, au watoto wao, swali la Daudi? Zungumzeni kwa upole, mkikumbuka kwamba huenda wazao wa pande zote mbili wameketi katika darasa hili.

4. Mchungaji McFarland alihubiri na wafukuzaji wakafukuza vilevile. Je, mahubiri yake yalikuwa bure? Toeni mifano ya manabii katika Biblia ambao hawakusikilizwa.

5. Sabato hii, kabla ya darasa kufungwa, kila kikundi kitaje mgeni mmoja anayeishi ndani ya malango ya mtaa wenu ambaye hajawahi kualikwa chakula na mshiriki yeyote. Amueni ni nani atakayemwalika, na lini. Sabato ijayo anzeni somo kwa kutoa taarifa.